Sahani za Msibani

Kihesa, Jumamosi

Leo, baada ya miaka kumi na minane, nimeunganisha tena gramafoni, amplifaya na spika zangu, kisha nikafungua boksi la santuri nililomwachia mdogo wangu Leokadia nilipohamia kazini Mgololo. Harufu ya mafuta ya ng'ombe yaliyovunda ikanipiga usoni. Santuri zote zina utando wa mafuta, na chini yake mikwaruzo ya kusuguliwa kwa majivu na stilwaya. Nimejaribu moja. Sindano imekwaruza kama panya darini, ikatoka na kibonge cha mafuta. Mfyuu!

Nimemfokea Leokadia. Wala hakushtuka.

"Kaka, si uliandika mwenyewe kwenye boksi, SAHANI? Msiba wa mama watu walijaa, vyombo vikapungua. Tukapakulia nyama."

Ni kweli, zamani tuliziita sahani.

"Hamkuona zina tundu katikati?"

"Tuliona. Tukasema labda ndivyo vyombo vya Mgololo. Ungekuwepo ungetuambia."

Nimemjibu kama nilivyowajibu wote wakati ule, kwamba bosi alininyima ruhusa ya kuja kuzika.

Sikuomba.