Namba sita nilizomwomba mama wa Kilungu

Alhamisi, Matiliku. Jua limetukalia kichwani tangu asubuhi na vumbi la soko limeingia hadi kwenye spika za simu za watu. Kibanda kimejaa kazi. Sijagusa hata moja.

Wale mnaosoma hii blogu mnanijua. Mimi ndiye niliyeandika hapa kwamba hakuna simu imewahi kunishinda kutoka Mwingi hadi Kilungu. Shule niliachia Form Two, lakini niletee simu iliyokufa, kabla umalize chai nimeifufua. Nanyi mkanipigia makofi, mkazidi kunivimbisha kichwa.

Leo nataka kuandika bila kujisifu. Nitajaribu.

Jumamosi nilikuwa Mwingi, nikanunua simu ya mtumba kwa kijana mmoja anayeuza mbuzi. Kioo safi, betri inakaa. Nikafuta kila kitu nianze upya, kama kawaida yangu. Ilipowaka ikaitisha paswadi ya mtu wa kwanza. Sisi mafundi tunasema simu kama hiyo "iko na mwenyewe". Pesa umelipa, mkononi umeishika, na bado inamtafuta mtu mwingine. Ukikosa paswadi, hiyo ni kioo cha kujiangalia meno.

Nikatoa kava. Ndani kulikuwa na karatasi imebandikwa: jina la mama mmoja wa Kilungu, namba yake, na barua pepe, kwa mwandiko wa wale vijana wa duka wanaokufungulia akaunti siku unanunua simu.

Mtu mwenye akili angepiga aseme, "Mama, nimenunua simu yako, nisaidie niifungue." Dakika mbili tu.

Mimi nilidhani imeibwa. Nikajua nikimuuliza atasema nirudishe. Kwa hivyo sikuuliza.

Jumatatu nikampigia kwa ile sauti yangu ya mtangazaji. Nikasema mimi ni wa ofisi ya simu, akaunti yake ina shida kidogo, ataona meseji ya namba sita, anisomee. Mutua, fundi wa viatu wa kibanda cha pili, alicheka hadi akaangusha sindano.

Mama hakusoma. Aliniuliza kwa Kikamba, "Huko ofisini wewe ni mwana wa nani? Wa mbaa gani?"

Mbaa ni ukoo. Hizi kampuni zikitaka kujua kama ni wewe, zinakuuliza mambo ya mbwa wako wa kwanza. Mama yeye aliuliza ukoo. Na mimi, sijui ni nini kilinishika, nikasema ukweli. Nikamtajia mbaa yetu.

"Aiya! Kumbe ni mtoto wetu!"

Ndiyo mbaa alikoolewa. Tangu hapo akawa ananiita mwana wakwa, mtoto wangu, nami nikamwita mwaitu, kama ninavyomwita mama aliyenizaa. Akanisomea zile namba moja moja, akarudia ili nisikosee. Meseji yenyewe ilimwambia asimpe mtu yeyote. Lakini mtoto wa mbaa yako ni mtu yeyote kweli?

Ukweli mmoja tu nilisema siku hiyo, na ndio uliomwangusha.

Nikabadilisha paswadi. Nikatoa namba yake kwenye akaunti, nikaweka yangu. Simu ikafunguka. Nikamwinulia Mutua aione, nikacheza kidogo hapo mbele ya kibanda.

Halafu picha zake zikaanza kuingia.

Nilitarajia harusi na wajukuu. Zilikuwa kurasa za daftari. Mama Ndinda: kifua, kiuno, urefu, mkono. Mama fulani: apunguziwe mabega. Kumbe ni fundi wa nguo. Daftari lilikuwa limenyeshewa, wino umekimbia pembeni, ndiyo maana akalipiga picha kabla lifutike lote. Juu ya ukurasa mmoja ameandika: Kwaya, Jumapili.

Jana akanipigia. Alikuwa amehifadhi namba yangu.

"Mwana wakwa, simu yangu mpya imenitoa kwa akaunti. Naandika paswadi inakataa. Vipimo vya akina mama wa kwaya viko huko ndani, na nimekata vitambaa vya watu wawili tu. Nisaidie, huko ofisini ni wewe tu najua."

Ni mimi tu anajua.

Nikamwambia asubiri mpaka leo. Akanibariki kwa Kikamba, pole pole, bila haraka yoyote. Nilitamani anitukane.

"Ofisi inasemaje?" Mutua akaniuliza, mdomo umejaa misumari. Nikajifanya natafuta bisibisi.

Njia rahisi ilikuwepo. Ningempa tu ile paswadi mpya, niseme ofisi imetengeneza. Angefurahi, angenibariki tena. Hiyo baraka ya pili ndiyo iliyonishinda.

Kwa hivyo leo saa nne nikapiga, nikasema yote. Kwamba hakuna ofisi, kuna kibanda cha mabati Matiliku. Kwamba ile simu yake ya zamani iko kwangu. Kwamba ni mimi niliyemfungia nje.

Cherehani ilikuwa inalia kule nyuma. Ikasimama.

"Hiyo simu niliiuza mimi mwenyewe," akasema. "Nilimuuzia kijana wa mbuzi, nikaongeza nikanunua kubwa. Ungesema umeinunua na imekataa, si ningekufungulia? Ulikuwa unadanganya ya nini?"

Nilimwibia mama wa watu kitu ambacho angenipa bure.

"Haya, nipe hiyo paswadi. Niko na kazi."

Hapo ndipo nikakumbuka niliandika nini Jumatatu, nikiwa na raha zangu.

"Mama, wacha nikutumie kwa meseji."

"Kalamu iko mkononi. Taja."

Nikataja. M. J. A. N. J. A.

"Endelea."

W. A. M. A. T. I. L. I. K. U. Nikamsikia akiunganisha herufi kwa sauti ya chini, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mjanja... wa... Matiliku."

Nikamsikia akiweka kalamu chini.

"Ndiyo hiyo?"

"Ndiyo hiyo."

Akakata.

Kabla ya saa sita mama alikuwa amebadilisha paswadi, simu ikanitoa. Iko hapa mezani, inaitisha paswadi, na sitampigia tena kumwomba. Vitambaa vinakatwa, nadhani. Natumaini vinatosha hadi Jumapili.

Shida ni kwamba jina hilo hilo ninalojiita ndilo paswadi yangu ya barua pepe, ya hii blogu, ya kila kitu, na sasa nimewaandikia nyote. Lazima nibadilishe kabla jua lizame. Nimeweka kidole juu ya herufi tangu saa saba.

Sijui nijiite nani.