Abiria Washuke Kwanza

Papa mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama kutoka huku ambako jua linakataa kulala hata tukimaliza kula chakula cha usiku. Leo, katika masomo haya ya likizo ya uinjinia tuliyolipiwa na bursi, ule msaada wa masomo, walitupa spageti kavu na gundi tujenge daraja. Kichwani nilimsikia Mama: "Banacheza na chakula?"

Nilijenga mfano wa lile la mbao la njia ya Mongbwalu, unalovuka na kamyo, lile lori lako, kila juma. Likaanza kulia kabla mizigo ya kulijaribu haijawekwa yote. Mwalimu akaniuliza nitafanya nini ili gari lipite. Unajua ninavyoogopa kusema mbele ya watu, lakini mdomo ulijibu wenyewe: "Abiria washuke kwanza, wavuke kwa miguu."

Darasa lote lilicheka. Mimi nilisikia sauti yako tu: "Wote chini! Hata weye, mama ya unga, shuka!" Halafu unabaki peke yako ndani, unavusha polepole, na siye tulioshuka tunakungoja ng'ambo.

Mwalimu hakucheka. Alisema nimewaokoa abiria, sasa nitafute namna ya kumwokoa dereva. Niliinama kama ninayetafuta gundi, maana machozi yalikuwa yamefika.

Nimekukumbuka mno, Papa. Usikubali yeyote agome kushuka. Siku nikijenga lile la kweli, nitakaa karibu yako ndani ya kamyo, na usiniambie nishuke.

Binti yako,
Furaha