Sisimizi Kwenye Kiatu cha Garrett

Jumatatu, 6 Oktoba 1986
Garrett kaniletea donati! Ndiye mtayarishaji wangu tangu filamu ya kwanza niliyoiongoza, na hajawahi kuninunulia hata kahawa. Ati nimechoka, niende kwa dada yangu San Diego wiki nzima. Wema huu wa ghafla siupendi.

Jumanne, 7 Oktoba
Bado ananung'unikia mwisho wa filamu. Tulipoionyesha kwa majaribio, watu walitaka msichana afe. "Maxine, mwenzangu, watu wanakuja kuona damu!" Najua. Jina langu nimelipata hivyo. Katika kila filamu nimewaua wasichana wote — kwa shoka, kwa kamba, mmoja ndani ya friji. Huyu nataka atoke kwenye nyumba ya muuaji akiwa hai. Ndiyo sababu pekee niliyoitengenezea filamu hii. Garrett alinipa mkono, akakubali.

Alhamisi, 9 Oktoba
San Diego sikwenda. Nimemtokea Garrett ofisini bila taarifa. Kiatu chake kina doa jekundu, sisimizi wamekivamia! Nimegusa kwa kidole, nikaonja. Tamu. Damu yetu ya bandia hiyo — sharubati ya mahindi na rangi ya chakula. Lakini tulimaliza kupiga picha Agosti. Damu mbichi ya nini?
Anasema ati ni jemu ya donati. Muongo mkubwa! Zile donati zilikuwa za sukari tupu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimempigia simu Noreen, msichana wetu wa filamu. Mama yake kapokea: yuko kazini. Kazi gani? Mama kashangaa. "Si kwako?"
Nimeendesha gari hadi Pasadena, kwenye nyumba tuliyopigia filamu. Ile nyumba, mchana kweupe, madirisha yamefunikwa vitambaa vyeusi — tunavyofanya tukitaka usiku. Nimeingia. Garrett kwenye kiti changu! Noreen sakafuni, gauni limelowa damu, jamaa kasimama juu yake na shoka la mpira.
"Maxine, usianze," Garrett kasema. "Nenda nyumbani, tutaongea."
Noreen kainua kichwa. "Aliniambia umekubali tubadilishe mwisho." Kisha, kwa sauti ndogo: "Nife, au nisife?"
Garrett kafoka: "Washa kamera!" Mpiga picha kanitazama mimi.
Nimekaa sakafuni kando ya Noreen, naandika humu katikati ya damu hii hii. Garrett yuko kwenye simu, anawapigia mawakili. Kamera bado haijawashwa. Noreen kanishika mkono, na sisimizi wameshaanza kutufikia —