Siku Treni Yako Ilipokwama Mlimani

Twaha, mdogo wangu,

Assalaam alaykum. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu nilikusema mbele ya watu. Tangu mama atutoke mwaka jana, kila aliyeingia hapa nyumbani Langoni kutupa pole akauliza, "Twaha hakuya?" nilimjibu kwamba wewe umezichagua treni zako. Jirani yetu Bi Zuhura alinisikia, mafundi wa mlango wa pili walinisikia, na maneno yakafika hadi kisiwani Ndau kwa shangazi. Sasa nataka wote walisikie na hili.

Unamkumbuka punda wa marehemu baba? Baba alipofariki tuliachiwa mimi na wewe kazi ya kupandisha mawe na magunia ya saruji kutoka ufukweni. Mvua zikinyesha, kijia kile cha nyuma ya msikiti kilikuwa kikiteleza kama kimepakwa mafuta. Siku moja punda alifika katikati, kwato zikamponyoka, mzigo ukaanza kumvuta nyuma. Mimi nilishika kamba na kulia. Wewe ulivua kofia, ukakimbia hadi pwani, ukarudi nayo imejaa mchanga, ukautandaza mbele ya miguu yake. Ukamwambia sikioni, "Polepole, babu. Ndia hiyo, pita." Akapanda. Mama alikugombeza kwa ile kofia, kisha akaifua mwenyewe.

Ukakua, ukaenda Kanada, ukapata kazi ya kuendesha treni za mizigo zinazovuka milima. Siku ya kwanza ulipotuonyesha kwa simu, mama alikwenda kuchukua shali akajifunika, kana kwamba baridi ingemfikia kitandani. Tuliona weupe mtupu na reli mbili zikipanda.

"Chuma chateleza vipi juu ya chuma?" akakuuliza.

Ukamweleza kwamba reli zikishika barafu, magurudumu huzunguka bure palepale, na mabehewa zaidi ya mia yaliyojaa ngano yanavuta nyuma. Ndiyo maana kichwa cha treni kina sanduku la mchanga mkavu, unaomiminwa kwenye reli mbele ya magurudumu ili yapate kushika.

Mama alicheka hadi akajishika mbavu. "Twaha! Umekwenda mbali kote huko, ukafanye kazi ya punda?"

Tulicheka sote watatu, wewe kwenye kioo na sisi huku. Ningepewa saa moja ya maisha yangu niirudie, ningeomba hiyo.

Kisha mama akaugua. Uliniambia umeomba ruhusa na utaondoka Jumamosi. Jumatano asubuhi hali yake ikageuka. Nilikupigia mara kumi na moja. Simu iliita, hukupokea. Baada ya adhuhuri mama akakata roho, na kabla ya magharibi tukamzika. Aliyeshuka kaburini kumpokea ni mtoto wa ami, mahali pako. Wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini ulipopiga.

"Dada, mama yu hali gani?"

"Amezikwa," nikakujibu. "Na hakukutaja hata mara moja."

Nikakata simu. Tangu siku hiyo sikupokea simu yako, wala sikuzifungua sauti ulizonitumia. Zilikuwa tisa. Nilizihesabu, nikaziacha.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nikikunja nguo za mama nizitoe sadaka. Nguo bado zina harufu ya udi wake. Sijui ni nini kilichonipata, nikaketi kitandani pake, nikaifungua sauti yako ya kwanza. 

Ulisema treni ilikwama katikati ya mlima. Theluji ilikuwa imeanguka tangu jana yake, mchanga ukaganda ndani ya mabomba yake, magurudumu yakazunguka bure, na treni ikaanza kurudi nyuma. Uliifunga breki ikasimama, lakini hukuiamini kwa uzito ule na baridi ile. Wewe na mwenzako mkashuka, mkapita behewa baada ya behewa, theluji magotini, mkikaza breki za mkono za kila behewa kwa mikono yenu. Saa sita mlikaa mlimani mpaka msaada ukafika.

"Simu niliiwacha ndani, dada," ulisema. "Niliona jina lako likiwaka kabla sijashuka. Nilijua ni mama. Lakini chini ya mlima ule kuna mji. Ningeiwacha treni, ingewashukia watu."

Nikaisikiliza tena, na tena, mpaka Bi Zuhura akaja kuangalia ni nani anayelia.

Twaha, nilikudanganya. Mama alikutaja. Asubuhi ile Bi Zuhura alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba, mama akafumbua macho, akaniuliza, "Twaha yu ndiani?"

Nikamwambia, "Yu ndiani, mama, yuaja."

Akasema, "Asikimbie kwa ajili yangu. Mwambie nimemridhia, huko aliko na popote aendapo. Mwambie leo."

Leo, alisema. Nami nimekaa na maneno hayo mwaka mzima. Sikuyasahau hata siku moja. Niliyashika kwa hasira, kwa sababu wewe hukumwona akienda na mimi nilimwona peke yangu. Bi Zuhura aliyasikia kama nilivyoyasikia mimi. Hakunisema kwa mtu, ila kila nikipita barazani kwake alikuwa akinitazama, na mimi nikiangalia chini.

Nimekwisha kumwambia shangazi, na mafundi nimewaambia. Chumba cha juu nimekipaka chokaa na neti nimeitundika. Nina hamu nawe, ndugu yangu. Natamani kusikia miguu yako ikiparamia ngazi mbili mbili, na nikugombeze kama alivyokuwa akikugombeza yeye. Njoo kwa nafasi yako, kazi ikikuruhusu. Nitakuwapo.

Radhi za mama ni zako tangu siku ile. Zimechelewa kufika kwa sababu yangu. Nami, Twaha, niwie radhi.

Dada yako