Anayesimamishiwa Lori

Baba Cherotich,

Huku Kimulot tuko wazima. Ile ng'ombe yetu nyeusi imezaa ndama jike, na mvua ya mawe imeharibu majani ya chai ya shamba la chini. Nimeamua kukuandikia kwa karatasi kwa sababu hii huwezi kuisoma ukiendesha.

Tangu upate kazi ya lori huko Kericho, unanipigia tu ukiwa kwa usukani, umebeba majani ya kiwanda, kona baada ya kona. Juzi nikikueleza habari ya ndama, nilisikia breki, halafu akina mama wanaochuma chai kando ya barabara wakapiga nduru. Ukasema, "Hakuna kitu, endelea." Niendelee aje, na ni mkono mmoja uko kwa usukani?

Lakini si hiyo iliyoninyima usingizi. Unakumbuka ile Jumapili ulinibeba twende kwa mama? Simu yako ililia, nikaona jina: Fancy. Uliweka lori kando, ukazima injini, ukashuka, ukaongea ukitembeatembea kwa shamba la chai, ukicheka. Uliporudi nilikuuliza mbona umesimama. Ukanijibu, "Sheria hairuhusu mtu kuongea akiendesha."

Kumbe sheria unaijua!

Sikuulizi Fancy ni nani. Ukitaka kuongea na mimi, weka lori kando vile unamwekea yeye. Nikisikia injini, nakata. Na usipopiga tena, nitakuwa nimejibiwa.

Ni mimi wako wa kupigiwa kwenye kona,
Mama Cherotich