Kama Basi Litapita Madogo

Garissa, Jumanne usiku

Abdi amenikasirisha, na najua hana kosa. Ni jirani, na lori lake la mbuzi hupita Madogo, ng'ambo ya mto, kila wiki, kwa hiyo nilimuuliza kama basi la kesho kutoka Thika litapita, maana mto umefurika.

"Litapita, inshallah."

"Umeiona barabara mwenyewe, ama umeambiwa?"

"Mwalimu, ya kesho ni ya Mungu. Unataka niape?"

Hii Lojban ninayojifunza kwa simu imeniharibu. Ni lugha ya kubuni, na ina vijineno vya kuonyesha umejuaje jambo, au una uhakika nalo kiasi gani: za'a ni nimeona mwenyewe; ti'e ni nimesikia; la'a ni huenda. Siku hizi kila anayezungumza nami namtafutia kijineno chake.

Jioni mke wangu akapiga simu kutoka Thika. Nyuma yake mtoto alikuwa analia. Tangu muhula uanze sijawaona.

"Barabara iko sawa? Una uhakika?"

Ti'e. La'a. Vyote viwili vilikuwa mdomoni.

"Njoo," nikamwambia.

Mvua imeanza tena juu ya mabati. Hiyo nina uhakika nayo.