Kupanda Ziwa 69 na Nélida

Jumapili, 14 Julai

Mwanangu Nélida amefika! Na mumewe Renzo, na mabegi manne kwa siku nne. Nikaropoka kwamba nitawapeleka maziwani mwenyewe. Mdomo huu! Goti la kulia limekwisha. Miaka thelathini na moja nawapikia wageni wanaopanda huko juu milimani — msimu huu ndio wa mwisho, basi. Halafu? Nyumba hii, baridi hii, na mimi peke yangu. Nataka mwanangu aseme, “Mama, twende Lima ukakae nasi.” Siombi. Mimi ndiye niliyempeleka Lima kwa dada yangu akiwa na miaka tisa. Leo nitaombaje?

Jumatatu, 15 Julai

Ziwa Chinancocha. Maji ya kijani vilevile. Renzo kapiga picha mpaka simu ikazima. Akaniona naweka majani ya koka juu ya jiwe, akauliza ya nini. Namwamkia mwenye ziwa, nikamwambia. “Na asipoitikia, mama mkwe?” Mtundu huyu! Nampenda, nifanyeje.

Nélida ananiongelesha Kihispania tu. Najibu kwa Kihispania. Nachoka.

Jumanne, 16 Julai

Sikutoka. Goti limevimba kama kiazi. Wenyewe wako jikoni, nikasikia Nélida anasema nyumba mpya ya Lima ina vyumba vitatu. Nikaingia, wakageuza mazungumzo. Wao ni wawili. Cha tatu cha nani? Usiulize, Hermelinda, najiambia. Usiulize.

Jumatano, 17 Julai

Ziwa 69. Wapimaji wa ramani walikosa jina wakalipachika namba, hata haya hawakuona. Saa tano za kupanda, nimeshikilia mkia wa punda kama kipofu. Renzo ametapika mara mbili, sasa kalala kwenye nyasi, kofia usoni. Mimi niko juu ya jiwe, naandika. Maji ya buluu kupita kiasi, barafu inachuruzika mwambani. Sina nguvu hata ya kuyasifu.

Nélida alikuja akakaa ubavuni kwangu. Akasema kwa Kikechua — Kikechua! Cha kitoto, kinachechemea, lakini chetu. Januari tunahamia nyumba kubwa, mama. Sisi. Nuqakuna, alisema.

Jamani. Kwetu “sisi” ziko mbili. Nuqantsik ni sisi pamoja na wewe ninayekuambia. Nuqakuna ni sisi, wewe kando. Ikaniuma, kusema kweli ikaniuma kuliko goti.

Nikajikaza. “Sisi ipi, mwanangu?”

Akacheka. “Kwani ziko ngapi?”

Amesahau! Au anajifanya? Hapana, amesahau. Dada yangu alimkataza kuongea lugha yetu ili asichekwe shuleni, na aliyempeleka huko ni nani? Mimi.

“Ngoja nimpe Renzo maji, mama, nakuja unifundishe,” kasema. Amemwinua kichwa, anamnywesha. Nikimfundisha, itabidi achague moja mbele yangu, na mimi nitakuwa nimeomba. Nikinyamaza, nitashuka na nuqakuna yake.

Amefunga chupa. Huyo anakuja, anatabasamu, na mimi bado sijui nianze na ipi —